Televisheni ya Mjomba Imetabiri Mvua ya Mwaka Jana

Kwako Bi Khamisa,

Nimesoma majibu yako tangu nikiwa darasa la saba na sikudhani siku moja nitakuwa mimi ndiye ninayeuliza. Nakuomba, kama kuna barua utakayoijibu haraka mwezi huu, iwe hii, kwa sababu Jumatatu ya tarehe saba Oktoba watu wa kijiji chetu wataanza kutia ardhini mbegu zote walizobaki nazo, na wanafanya hivyo kwa sababu ya uongo, na uongo huo mimi ndiye niliyeupigia muhuri.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, huku kusini mwa Kitui. Si mtu wa maneno. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua, moyo hunidunda mpaka mwenzangu anajibu mbele yangu, kisha nakaa nikijilaumu. Ninachopenda ni kusoma, na watu wa kwetu wananijua kwa hilo, wananiita "yule wa vitabu". Naishi sokoni kwa mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, kwa sababu nyumbani kwetu ni mbali na shule, na yeye ndiye anayenilipia karo tangu baba alipofariki. Sitaki umfikirie vibaya kabla hujamaliza kusoma. Mjomba Kisilu ni mtu wa kucheka, hunikumbusha kula, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa.

Mwaka jana alinunua televisheni, mashine ya kuchezea kanda za video, na jenereta. Alisema ataleta televisheni ya taifa hapa kwetu, akasimamisha mlingoti mrefu wa antena juu ya bati, watu wakaja kutazama unavyosimamishwa kama vile wanavyokuja kuona kisima kikichimbwa. Lakini sisi tuko mbali na nyuma ya vilima, na televisheni ilipowashwa ilitoa chenga tupu, na kelele kama mawe madogo yanayomwagwa kwenye sufuria. Aligeuza antena kila upande, akaongeza bomba lingine, na bado ni chenga. Basi akafanya mpango na rafiki yake Mutunga, fundi wa redio mjini Machakos, ambako picha zinashika vizuri. Mutunga anarekodi kwenye kanda mambo yanayoonyeshwa kwenye televisheni, mpira, michezo ya kuigiza, taarifa ya habari, halafu Mjomba anapanda basi kila Jumamosi kuzichukua. Anazicheza Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi alioujenga kando ya duka.

Mwanzoni nilidhani ni jambo zuri, na hata sasa nadhani lingekuwa zuri kama angesema. Siku ya kwanza watu waliingia, wakaona mpira, wakapiga kelele, mmoja akasema, "Kumbe antena imeshika!" na Mjomba hakukataa. Alitabasamu tu. Wiki iliyofuata mashine ya video ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mlangoni kukawa na bei mbili, ya siku za video, za filamu za ngumi, na ya siku ya televisheni, ambayo ni mara mbili yake. Watu wanalipa bila kunung'unika. Wanasema video ni hadithi za watu wa zamani lakini televisheni ni mambo yanayotokea sasa hivi, na kuona jambo linapotokea ni lazima kuwe ghali. Waya wa antena haujaunganishwa popote, Bi Khamisa. Umekatwa na kukunjwa chini ya bati, mimi huuona ninapolala.

Sasa nieleze lililotokea. Mwezi huu mashine ya Mutunga iliharibika na Mjomba akarudi kutoka Machakos mikono mitupu. Watu walikuwa wanangoja, kwa hiyo akachukua kanda ya mwaka jana yenye mpira, akijua hakuna aliyeiona ila mimi, yeye na mkewe, tulipoitazama sebuleni kabla ukumbi haujajengwa. Ile timu imecheza mara nyingi, hakuna aliyeshtuka. Mpira ulipokaribia kwisha jenereta ikaanza kukohoa, Mjomba akatoka nje kuongeza petroli, na kanda ikaendelea yenyewe mpaka ikafika pale ambapo Mutunga alisahau kuzima mwaka jana, ambapo yule bwana wa hali ya hewa anasimama mbele ya ramani. Akasema mwaka huu mvua za vuli zitawahi Ukambani, zianze wiki mbili zijazo. Akapiga ramani kwa fimbo pale Kitui ilipo, fimbo ikamponyoka, akainama kuiokota huku akitabasamu. Nilijua palepale. Mwaka jana mke wa Mjomba alicheka sana fimbo ile ilipoanguka.

Ukumbi mzima ulisimama. Bi Khamisa, huku kwetu mvua za masika hazikunyesha, tumekula mahindi ya msaada tangu Juni, na mbegu zilizobaki ni zile ambazo akina mama walikataa kuzipika hata watoto walipolia. Redio imesema mara nyingi kwamba mwaka huu vuli itachelewa, na bwana shamba amepita akisema tusipande mpaka udongo ulowe kabisa, kwa sababu hii si miaka ya kupanda kavu na kungoja. Watu walikuwa wamekubali. Lakini sasa Mzee Muthama, ambaye ndiye mwenye ng'ombe wa kulimia, alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Redio ni mdomo tu! Hata mimi naweza kukaa ndani ya sanduku niseme mvua inachelewa. Huyu ameonyesha na fimbo!"

"Ameigonga hapa kwetu," mwingine akasema. "Kitui yenyewe. Wingu lake kwenye ramani nimeliona na macho yangu."

"Na bwana shamba je?"

"Bwana shamba ako na televisheni? Yeye pia anasikiliza redio kama mama yako."

Wakacheka. Nilimtafuta Mjomba kwa macho nikamwona mlangoni na mkebe wa petroli, na uso wake ulikuwa umebadilika, kwa hiyo ninajua alisikia.

Kijiji chetu tunalima kwa mwethya, yaani kikundi chote kinakwenda shamba la mtu mmoja, kinalima na kupanda mpaka liishe, kisha kinahamia la mwingine. Kiongozi wetu ni Mama Mutindi. Siku ikishapangwa, huwezi kusema wewe utangoja, kwa maana ukibaki nyuma utalima peke yako na jembe la mkono, na hutaona ng'ombe wa Muthama. Kwa hiyo wakiamua wote, wote wamepanda, hata mama yangu ambaye shamba lake ni la tatu.

Mama Mutindi ni mwangalifu. Hakukubali palepale. Alikuja nyuma ya duka kesho yake nikiwa naosha sufuria, akachuchumaa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wakwa, mwanangu, wewe unalala hapa na unasoma. Hawa wanaume wanapenda kelele. Niambie wewe. Yale maneno ya mvua yalikuwa ya jana kweli?"

Mjomba alikuwa dukani, mlango uko wazi, anapima sukari, na ile kata aliyokuwa anapimia ikasimama hewani. Nilifikiria karo ya muhula huu ambayo amelipa nusu. Nilifikiria mama. Nikafungua mdomo, na kama kawaida yangu hakuna kilichotoka, basi nikatikisa kichwa kukubali.

Akanishika bega akasema, "Asante. Wewe huwezi kudanganya." Akaenda kuwaambia wenzake, na jioni nikasikia siku imepangwa, na kwamba Jumamosi ya kuitangulia atakwenda kwa Muthama kupanga zamu za ng'ombe. Walikuwa wanasema, hata yule wa vitabu amekubali.

Nimejaribu kuongea na Mjomba. Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri. Nilimwambia, "Mjomba, ile mvua ni ya mwaka jana."

Akasema, "Najua."

"Watapanda."

"Mimi nilimwambia mtu apande? Walilipa kuona, wameona. Mimi sikusema ni ya leo."

"Lakini bei ni ya leo," nikasema, na sijui nilitoa wapi neno hilo.

Akasema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika, "Sikiliza. Nikisimama niseme antena ni bomba tupu, hao watu watataka pesa za mwaka mzima, watavunja ile mashine, na wewe utarudi kwa mama yako kuchunga mbuzi. Karo yako inateremka kwa ule mlingoti. Na hiyo redio nayo hukosea kila siku. Mungu akinyesha Jumanne, utasema nini?"

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu kweli inaweza kunyesha. Kila asubuhi natazama juu nikitumaini wingu, si kwa ajili ya mahindi, bali ili nisiwe mwongo. Lakini anga ni nyeupe na udongo unachoma miguu. Nimesoma katika kitabu cha jiografia kuhusu upepo unaoleta vuli, na upepo huo haujageuka. Mbegu zikikaa kwenye udongo huu zitaliwa na kanga na mchwa, na hakuna za pili. Juzi mama alipita sokoni, akanionyesha mfuko wa kunde na ndengu alioutoa juu ya jiko, akasema mwaka huu Mungu ametukumbuka kupitia kwa ndugu yake. Nikamsaidia kuubeba hadi njia panda.

Nikisema, nitamwangusha mtu aliyenilea na shule itakwisha, na kijiji kitajua kwamba mimi nilidanganya nikiwa na macho makavu. Nisiposema, watapanda. Na hata nikitaka kusema, mtu kama mimi atasimamaje mbele ya mwethya nzima, mbele ya Mzee Muthama, mimi ambaye siwezi kujibu swali darasani? Gazeti lenu hutufikia shuleni siku ya Ijumaa na mwalimu wa Kiswahili hunipa mimi kwanza. Nitakuwa nangoja. Tafadhali usitaje jina langu wala la soko letu.

Ni mimi,
Mwanafunzi, Kitui Kusini

*

Mwanangu,

Jina lako sikulitaja, soko lako sikulitaja, na ya wengine nimeyabadilisha yote. Ninakujibu kabla ya wenzako wanne waliotangulia, na wao watanisamehe, maana mume aliyetoroka anaweza kungoja wiki moja zaidi, lakini mbegu haingoji.

Kwanza nikupe pole, kisha nikugombeze. Pole kwa kuwekwa mahali ambapo mtoto hapaswi kuwekwa, katikati ya karo yake na chakula cha mama yake. Mjomba wako alipoiacha kata ya sukari hewani alikuwa anakutisha bila kufungua mdomo, na mtu mzima hafanyi hivyo. Hayo ni yake. Yako ni haya: uliulizwa na mwanamke aliyeacha kelele za wanaume akaja kuchuchumaa karibu na sufuria zako, kwa sababu alikuamini wewe kuliko fimbo na ramani, nawe ukamdanganya. Unasema hakuna kilichotoka mdomoni. Kilitoka, mwanangu. Shingo nayo husema. Usijifiche nyuma ya haya yako. Haya ilikuzuia kusema kweli na haikukuzuia kusema uongo, basi ujue haikuwa haya peke yake, kulikuwa na hofu pia.

Sasa ile hoja ya mjomba, kwamba huenda ikanyesha. Mimi baba yangu alifanya biashara ya nafaka Kitui mjini miaka mingi, nimekua nikisikia wakulima wakibishana kuhusu mawingu, na sijaona aliyeyashinda kila mwaka. Ndiyo, inaweza kunyesha. Ikinyesha Jumanne hutakuwa umesema kweli, utakuwa umeponea tu, na mjomba wako atajifunza kwamba jambo hili linawezekana, na mwaka kesho atawauzia mvua nyingine. Mkulima ana haki ya kucheza kamari na mbegu zake akitaka. Wengi wenu mmepanda kavu na mkavuna. Lakini ajue anacheza kamari. Hao wanadhani wameona kwa macho.

Unaogopa kusimama mbele ya mwethya. Nani amekutuma usimame? Uongo wako haukupita mbele ya watu. Ulipita kwa mtu mmoja, nyuma ya duka, kwa sauti ya chini. Urudishe kwa njia hiyohiyo. Nenda kwa Mama Mutindi nyumbani kwake, si dukani, umwambie maneno matatu: "Ilikuwa kanda ya mwaka jana. Niliiona. Nilikudanganya." Ukishindwa kutamka, yaandike umpe, na kama hasomi, mpe mtoto wake ayasome ukiwa umesimama palepale, usikimbie. Yeye ndiye kiongozi, kazi ya kuwakabili akina Muthama ni yake, na kwa jinsi ulivyomweleza naona ataiweza kuliko wewe na mimi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Usimpe sababu, usimtajie karo, usilie ili akuonee huruma. Akiuliza jambo, mjibu.

Lakini kabla ya hapo pitia kwa mjomba. Haifai kumvizia mtu aliyekulisha. Mwambie unakwenda wapi na utasema nini, na kwamba akitaka kwenda mwenyewe mwende pamoja. Usibishane naye tena, umeshamwambia neno moja la bei ambalo hakupata jibu lake, linatosha. Akikuzuia, nenda. Akikwambia urudi kwa mama yako, rudi. Mama yako ni mlango wa pili wa kubisha, naye lazima asikie kutoka kwako, si njiani.

Kuhusu shule. Sitakudanganya kwamba haitaguswa, huenda ikaguswa. Mwalimu anayekupa gazeti kabla ya kulisoma yeye mwenyewe ana macho, mpelekee habari hii yote Jumatatu, na umwombe akufikishe kwa mwalimu mkuu kuhusu nusu ya karo iliyobaki. Shule zina njia zake za kungoja, na makanisa yana harambee zake. Njaa haina harambee ikiwa kijiji kizima kinayo.

Na wewe, mjomba, kwa sababu najua gazeti hufungiwa sukari dukani na huenda ukasoma ukurasa huu ukipima. Hukuwa mwizi ulipoanza. Kuwaletea watu wa vilimani picha za Machakos ni kazi, basi unapanda, petroli unanunua, na kazi hulipwa. Ondoa kitambaa juu ya mashine. Andika mlangoni kwamba hii ni televisheni ya wiki iliyopita, weka bei ya wiki iliyopita, na uone kama hawataingia. Wataingia, watakutukana kidogo kwanza, kisha watauliza mpira uliishaje. Lakini habari za mvua usizicheze kamwe, hata za jana. Na ukienda mwenyewe kwa Mama Mutindi leo, watu watakumbuka kwamba ulikwenda. Ukingoja mbegu zife, watakumbuka kwamba ulipima sukari.

Mwanangu, gazeti hili unalisoma Ijumaa, na kesho Jumamosi Mama Mutindi atatoka kwenda kwa Muthama kupanga zamu za ng'ombe. Akishafunga mpango huo itakuwa vigumu kuufungua. Masomo ya leo yatakwisha saa kumi. Usipitie maktaba. Kunja gazeti, lirudishe kwa mwalimu, na uende.